Ua Lililokwenda Ng'ambo Likarudi

Gladiola ni ua la harusi na la msiba. Bua lake ni refu, majani yamechongoka, na maua yamepangana tangu chini hadi juu. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya upanga mdogo, kwa sababu ya majani hayo. Wengi wetu huliita ua la kizungu, lakini historia yake haituungi mkono.

Gladiola zina aina zaidi ya 250, na nyingi kati ya hizo asili yake ni Afrika, hasa kusini mwa bara. Wakusanyaji wa mimea walizichukua hadi Ulaya, na huko watunza bustani wakazipandanisha. Mwaka 1841 Louis van Houtte, mfanyabiashara wa mimea wa Ghent, Ubelgiji, alitoa sokoni chotara aliyekuja kuwa babu wa gladiola nyingi za leo. Mmoja wa wazazi wake alitoka Natal. Wataalamu humwita Gladiolus dalenii.

Mzazi huyo si mgeni kwetu. Humea mwenyewe katika nyika na nyanda za juu za Tanzania na Kenya, akitoa maua ya rangi ya machungwa au manjano. Wakati daraja la reli la maporomoko ya Victoria likijengwa, kabla halijakamilika mwaka 1905, matunguu ya ua la manjano lililomea penye manyunyu ya maporomoko hayo yalimfikia mhandisi Francis Fox huko Uingereza. Petali lake la juu limeinama kama kofia, likikinga chavua isilowe. Leo ua hilo nalo huhesabiwa kuwa dalenii, na damu yake imo katika machotara mengi yaliyofuata.

Basi anayepanda gladiola nyumbani apate maua ya kukata, anapanda mwana wa bara hili aliyelelewa ugenini. Matunzo yake si magumu. Hutaka jua na udongo usiotuamisha maji, na tunguu lifukiwe kina cha sentimita 10 hadi 15. Ukipanda machache kila baada ya wiki mbili, maua hayatakujia yote kwa mpigo. Kata bua wakati ua la chini kabisa linaanza kufunguka; mengine yatafunguka ndani ya chombo. Ila usikate hadi ardhini. Bakiza majani manne au zaidi, kwa kuwa tunguu ulilopanda hunyauka msimu huohuo, na jipya hukua juu yake likilishwa na majani hayo. Asiyebakiza kitu hupata shada zuri mwaka huu na tunguu dhaifu mwaka ujao.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Gladiola halikukataa kwao. Sisi ndio tunaonunua matunguu ya ng'ambo kwa fedha nyingi, huku jembe letu likimng'oa mzazi wake pembeni mwa shamba kana kwamba ni gugu. Wafugaji wa maua wa Ulaya walipata rangi mpya kwa kurudi mara kwa mara kwa aina za porini. Porini kukiisha, hapatakuwa na pa kurudi. Kwa hiyo kabla ya kulima ukingo wa shamba, tazama kwanza. Ukiliona bua lenye maua ya machungwa kati ya majani ya upanga, lipitie kando.