Sauti ya Siti Kabla ya Kipaza Sauti

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hukariri vizuri kwamba Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 hivi, akahamia mjini mwaka 1911, akaimba taarab kwa Kiswahili wakati taarab ya ikulu ikiwa ya Kiarabu. Ukiwauliza sauti yake iliwafikiaje watu ukumbini bila umeme, hutazamana.

Inasimuliwa kwamba kabla ya uimbaji Siti alitembeza vyungu, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa darasa lake la kwanza. Mchuuzi hawezi kupiga kelele kutwa nzima, koo litamkauka. Hujifunza kuachia koo, kupanua kinywa na kuivuta irabu. Mlio unaotoka kwenye nyuzi sauti ni hafifu. Chemba za koo, kinywa na pua ndizo huitilia nguvu baadhi ya mitetemo yake. Chungu chenyewe hufanya vivyo hivyo: puliza mdomoni pake, nacho kitavuma. Tena Kiswahili humsaidia mnadi, maana silabi zake nyingi huishia kwa irabu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay, India, kurekodi santuri. Kurekodi kwa maikrofoni kulikuwa na miaka kama mitatu tu, kwa hiyo alikipelekea chombo kipya sauti iliyokomazwa njiani na barazani. Santuri zile zilienea Afrika Mashariki. Zisikilize, pamoja na mikwaruzo yake: sauti ni ya juu, yenye mvumo wa puani. Walimu wa Kurani huuita ghunna mvumo wa aina hiyo katika nuni na mimu, na huufundisha kwa sikio. Sisi tunaufundisha kwa mchoro ubaoni, kisha tunashangaa mwanafunzi akishindwa kuutoa!

Muhula uliopita umeme ulikatika katikati ya ngonjera ya wanafunzi wangu. Walioketi safu ya nne hawakusikia neno tena. Waigizaji wakaanza kupayuka, na kufikia ubeti wa mwisho wawili walikuwa wamepwelewa sauti. Kosa lilikuwa langu, kwani nilikuwa nimewasahihisha vina na mizani tu. Muhula huu mazoezi yote ya utendaji tunayafanya uani, bila kipaza sauti, na msikilizaji mmoja anasimama kwenye ukuta wa mbali akiwa na daftari, akiandika kila neno lisilomfikia.