Fasihi na Maonyesho kama Ushahidi wa Historia ya Siasa: Mfano wa Japani ya Zama za Kati

Mwanahistoria anayeichunguza siasa ya Japani baina ya karne ya 12 na ya 15 hukabiliwa na ushahidi wa namna mbili. Kwanza ziko shajara za wakuu wa Kyoto, amri za watawala na hati za ardhi. Pili ziko simulizi za vita na tamthilia. Wako wataalamu wanaoupuuza ushahidi huu wa pili kwa hoja kwamba ni ubunifu mtupu; wako pia wanaoupokea mzima mzima, kana kwamba mtunzi alikuwa karani wa baraza. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimepotoka. Msomaji aliyezoea kuzipima tungo za Muyaka bin Haji kwa habari nyingine za siasa ya Mombasa hataliona dai hili kuwa geni.

Tuanze na Heike Monogatari, simulizi ya kuinuka na kuanguka kwa ukoo wa Taira, ulioshindwa na ukoo wa Minamoto katika vita vya 1180 hadi 1185. Waimbaji vipofu waliighani mbele ya hadhira huku wakipiga biwa, ala ya nyuzi. Nakala yake iliyo mashuhuri zaidi iliandikwa mwaka 1371 kwa imla ya bingwa wao, Kakuichi, yaani karibu karne mbili baada ya vita kwisha.

Kisa kimoja chatosha kuonyesha ugumu wa kuitumia. Mwaka 1170 msafara wa Fujiwara no Motofusa, kaimu wa Kaisari, ulikutana njiani na kijana Taira no Sukemori, ambaye hakutoa heshima iliyompasa mkubwa huyo. Watumishi wa Motofusa wakamfedhehesha. Baadaye askari wa Taira waliuvamia msafara wa Motofusa, wakawakata wafuasi wake vishungi vya nywele, aibu kubwa mno katika jamii ile. Ni nani aliyeamuru? Simulizi inamtaja Kiyomori, babu wa kijana na mkuu wa ukoo. Inaongeza kwamba Shigemori, baba wa kijana, alichukizwa na tendo hilo, akawaadhibu askari na kumpeleka mwanawe Ise.

Lakini shajara ya Kujo Kanezane inaonyesha kwamba mwenye kinyongo kisichotulizwa alikuwa Shigemori mwenyewe. Naye mtawa Jien, katika Gukansho, kitabu cha historia alichokiandika yapata 1220, anamtaja Shigemori waziwazi kuwa ndiye mtendaji. Ni kweli kwamba Kanezane na Jien walikuwa ndugu zake Motofusa, hivyo hawakukosa upande. Hata hivyo Jien anausifu uungwana wa Shigemori na kustaajabu kwamba mtu wa namna hiyo alitenda jambo lile. Ushahidi wake hauwezi kudhaniwa kuwa ni chuki tu.

Je, kwa kuwa simulizi imembebesha babu kosa la baba, tuitupilie mbali? La. Yatupasa kuuliza badiliko hilo lilihitajiwa kwa sababu gani. Simulizi inakitaja kisa hiki kuwa mwanzo wa maovu ya Taira. Shigemori alifariki mwaka 1179, na mwaka huo huo Kiyomori akamfungia Go-Shirakawa, Kaisari mstaafu. Kwa kumtakasa mwana, simulizi inapata njia ya kueleza maangamizi: alipotoweka mshauri mwema, hakubaki wa kumzuia mwenye nguvu. Hapa tunapata fikra za kisiasa za wasimulizi na wasikilizaji walioishi chini ya serikali za kijeshi, ambao bado walimpima mtawala kwa heshima aliyoipa ikulu ya Kaisari. Shajara ya mwaka 1170 isingeweza kutupa habari hiyo.

Katika tamthilia za Noh, uhusiano wa sanaa na dola ni wa karibu zaidi. Yapata 1374 shoguni kijana, Ashikaga Yoshimitsu, aliwatazama Kan'ami na mwanawe Zeami wakicheza mjini Kyoto, akawa mfadhili wao. Ashikaga walijihesabu tawi la Minamoto, yaani washindi. Katika risala yake Sando ya 1423, Zeami anaagiza kwamba tamthilia za mashujaa wa vita vile ziifuate Heike. Lakini katika Atsumori, Tadanori na Kiyotsune, wanaozungumza ni mizimu ya Taira walioshindwa. Katika Atsumori, muuaji aliyegeuka mtawa anamwombea aliyemuua, na uadui unakwisha. Hivyo warithi wa ushindi waliigharimia sanaa iliyowatuliza wafu wa upande wa pili.

Ufadhili huo ulikuwa na hatari zake. Mwaka 1434, enzi ya shoguni Yoshinori, Zeami alipelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Sado. Mwaka 1441 Yoshinori mwenyewe aliuawa nyumbani kwa Akamatsu Mitsusuke, mmoja wa makabaila wake, alipokuwa akitazama sarugaku, jina la zamani la sanaa hiyo. Kumkaribisha shoguni kwa karamu na mchezo ilikuwa njia ya kabaila kuuthibitisha utiifu wake. Akamatsu aliitumia njia hiyo hiyo kumwua bwana wake.

Kwa hiyo mtafiti hana budi kuuliza mambo matatu kwa kila matini: inatofautiana wapi na hati za wakati wa tukio, tofauti hiyo inamhukumu nani, na ni nani aliyekuwa amekaa mbele ya jukwaa. Asiyeuliza swali la tatu ataisoma tamthilia ya Zeami bila kumwona Yoshimitsu.