Niliwaua kwa Usafi

Samaki wangu wa kwanza niliwaua kwa usafi. Walikuwa wanne, wa rangi ya dhahabu, ndani ya tangi la kioo pale sebuleni. Mmoja alipotokwa na kidonda ubavuni nikaona hapa hakuna mchezo. Nikamwaga maji yote, nikasugua kokoto kwa sabuni ya unga, nikafua sponji ya kuchujia, nikajaza maji mapya ya bomba, kisha nikamimina dawa ya kuua vijidudu. Siku ya tatu wote walikuwa juu juu, midomo wazi, wakitweta. Ya nne sikuwa na samaki. Muuzaji akasema, "Dawa ilikuwa kidogo, kijana." Nami nikaamini!

Kumbe kosa langu lilikwisha kupata maelezo karne ya 19, na baba na mwana wa Uingereza wamo ndani yake, wote wakiitwa Robert Warington.

Baba alikuwa mkemia London. Mwaka 1850 aliwaeleza wanakemia wenzake jinsi alivyofuga samaki wawili wa dhahabu pamoja na majani ya majini, bila kubadili maji. Mwanzoni majani yaliyooza yaliyachafua maji, basi akaleta konokono, nao wakala uozo. Alisema mmea humpa samaki hewa ya kuvutia. Kweli, lakini nusu tu ya habari.

Nusu ya pili ilianzia kwenye maji machafu ya choo. Mwaka 1877, Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, waliyapitisha maji hayo kwenye mchanga. Kwa siku kama 20 amonia ilipita vile vile ilivyoingia. Halafu ikaanza kutoka ikiwa nitrati. Wakatia klorofomu, kazi ikasimama. Mchanga ule ulikuwa na viumbe hai!

Warington mwana, aliyekuwa akichunguza udongo huko Rothamsted, aliichukua habari hiyo akaonyesha kuwa kazi ina hatua mbili: amonia huwa nitriti, nitriti huwa nitrati. Bakteria wenyewe walimshinda kuwatenga. Winogradsky ndiye aliyewapata mwaka 1890. Baba alikwisha kufa tangu 1867. Alilinda samaki wake kwa msaada wa vijidudu asivyovijua.

Sasa rudi sebuleni kwetu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na ikizidi huyaunguza matamvua hayo hayo. Samaki aliyedhoofu hivyo ndiye anayeshikwa na ukungu na vidonda. Bakteria wa kumwokoa walikuwa kwenye ule utelezi wa kokoto na sponji. Mimi nilikuwa klorofomu yao.

Nina samaki wengine. Mgeni hukaa ndoo yake wiki kadhaa kwanza. Mgonjwa hutibiwa humo humo, dawa haiingii tangini. Maji nabadili robo tu, yaliyokwisha kutolewa klorini, na sponji naikamua ndani ya maji ya tangi lenyewe. Mama akipita hukunja pua: "Hilo dude lako utaliosha lini?"