Keshia Alipwe Nini? Vita vya Mshahara Bronx

Desemba 14, 2009, madiwani wa New York walipiga kura 45 kwa 1 kuukataa mradi wa kampuni ya Related wa kuligeuza jengo la Kingsbridge Armory, mtaani Bronx, kuwa kituo kikubwa cha maduka. Meya Michael Bloomberg aliutaka sana mradi huo. Akatumia kura ya turufu kuuokoa, madiwani wakaitengua.

Kingsbridge ni jengo la matofali mekundu lenye minara kama ngome, lililokamilika 1917 kwa ajili ya askari na gwaride lao. Wakazi, wakiongozwa na muungano wa vikundi vya mtaa na viongozi wa dini, hawakuwa na ugomvi na maduka. Walitaka kila atakayeajiriwa humo alipwe angalau dola 10 kwa saa pamoja na marupurupu, au dola 11.50 bila marupurupu. Kima cha chini wakati huo kilikuwa dola 7.25. Kwa wiki ya saa 40, hiyo ni dola 290 badala ya 400, na Bronx si mahali ambapo dola 110 ni fedha ndogo. Jengo ni la umma, walisema, na msamaha wa kodi ni fedha za umma. Basi umma una haki ya kuuliza keshia atalipwa nini. Kampuni ikajibu kwamba kwa sharti hilo wapangaji wasingekuja.

Dai lenyewe lilikuwa na mizizi Baltimore. Huko makanisa yalikuwa yakigawa chakula kwa wenye njaa, na viongozi wake wakagundua kuwa wengi waliopanga foleni walikuwa na kazi. Mwaka 1994 jiji hilo likapitisha sheria ya mshahara wa kujikimu kwa makampuni yenye zabuni zake, kuanzia dola 6.10 kwa saa, huku kima cha taifa kikiwa 4.25. Miji mingine ikafuata, na baadhi ikayabana hata makampuni yanayopewa ruzuku.

New York iliipata sheria yake 2012, tena kwa kuitengua kura nyingine ya turufu ya Bloomberg, ambaye baadaye alikwenda mahakamani kuipinga. Iligusa miradi inayopewa ruzuku ya dola milioni 1 au zaidi. Lakini katika majadiliano ya kuipitisha, wapangaji wa maduka waliondolewa, na mradi mkubwa wa Hudson Yards ukasamehewa. Kwangu mimi hapo ndipo sheria ilipokatwa miguu: mwenye jengo ana waajiriwa wachache, umati uko madukani. Keshia aliyepiganiwa Kingsbridge ndiye aliyeachwa nje.

Alirudishwa Septemba 2014, Meya Bill de Blasio alipotia saini amri iliyowaingiza wapangaji na kupandisha kiwango hadi dola 13.13 kwa wasio na marupurupu.

Wapinzani hulitaja jengo la Kingsbridge kama ushahidi wa hasara, kwa kuwa maduka hayakujengwa, na mradi wa viwanja vya barafu ulioidhinishwa 2013 nao haukusimama. Ni hoja ya kuheshimiwa. Ajira ambazo hazikuja ziliumiza watu halisi. Ila dai kwamba biashara haziwezi kustahimili dola 10 halikudumu: kufikia mwisho wa 2018, waajiri wa New York wenye wafanyakazi 11 au zaidi, wenye ruzuku na wasio nayo, walitakiwa kisheria kulipa dola 15.