Kalamu na Darasa: Wahadhiri wa Nairobi katika Miji ya Vyuo ya Marekani

Utangulizi

Historia ya taaluma za lugha na fasihi mjini Nairobi aghalabu husimuliwa kana kwamba ilitendeka yote ndani ya majengo yaliyo kando ya Barabara ya Harry Thuku. Lakini sehemu ya historia hiyo ilipita katika miji ya vyuo ya Magharibi ya Kati ya Marekani, yaani majimbo yanayopakana na Maziwa Makuu ya huko pamoja na nyanda za nafaka zilizo magharibi yake. Wako waliotoka huko wakaja Nairobi. Wako waliotoka Nairobi wakaenda huko kushika kazi mpya. Na kati ya hawa wa pili, wako waliorejea na wasiorejea.

Makala haya yanazichunguza safari hizo kwa kuuliza swali moja: mhadhiri ahamapo, ni kitu gani huondoka naye, na ni kitu gani hukatika? Jibu lililozoeleka ni kuwa nchi hupoteza vitabu na maarifa. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti. Kalamu husafiri pamoja na mwenye kalamu, bali darasa halisafiri.

Kutoka Iowa City Kuja Nairobi

Chuo kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1956 kwa jina la Royal Technical College kilikuwa Royal College mwaka 1961, na mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Katika kipindi hicho chote Idara ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa mlinzi wa fasihi. Fasihi ya Uingereza ilikuwa shina, na fasihi ya Kiafrika, ilipopata nafasi, ilikuwa tawi lililopandikizwa.

Mwaka 1968 alifika Nairobi Taban lo Liyong, mzaliwa wa Sudan ya kusini aliyelelewa Uganda. Alikuwa ametoka Iowa City, ambako alipata shahada ya uzamili katika uandishi wa kubuni, Mwafrika wa kwanza kuipata katika chuo kikuu cha mji huo. Aliajiriwa kuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo, yeye na Henry Owuor-Anyumba na Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, waliandika waraka wa kudai kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe. Walitaka Afrika iwekwe katikati ya masomo, fasihi simulizi ipewe hadhi ya somo kamili, na Kiswahili kipewe nafasi yake kando ya Kiingereza na Kifaransa.

Isidhaniwe kwamba wazo hilo liliagizwa kutoka Marekani. Manung'uniko yalikuwako Nairobi kabla ya Taban kufika, na kati ya watia sahihi watatu ni yeye peke yake aliyetoka Iowa. Hata hivyo wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu aliyesomea uandishi mahali ambapo mwandishi aliye hai alihesabiwa kuwa mwalimu hakuwa na sababu ya kuona ajabu fasihi ya watu walio hai ikisomeshwa chuoni. Okot p'Bitek naye alipitia Iowa katika mpango wa waandishi wa kimataifa kabla ya kuanza kufundisha Nairobi mwaka 1971. Kwa hiyo, katika miaka hiyo, njia ilikuwa ikileta watu.

Mwaka wa Evanston

Njia hiyohiyo ilianza pia kuchukua watu. Mwezi Januari 1969 serikali ilimzuia Oginga Odinga asihutubie wanafunzi wa chuo cha Nairobi. Wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, na Ngũgĩ akajiuzulu kwa kupinga hali hiyo. Alikaa Makerere kwa muda, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Northwestern kilichoko Evanston, mji ulio ufuoni mwa Ziwa Michigan, kaskazini ya Chicago, akafundisha fasihi ya Kiafrika katika mwaka wa masomo wa 1970 hadi 1971.

Evanston haukuwa mji wa kubahatisha. Huko ndiko Melville Herskovits alikoanzisha mwaka 1948 mpango wa kwanza wa taaluma za Afrika katika vyuo vikuu vya Marekani, na maktaba iliyokuja kubeba jina lake ni mojawapo ya hazina kubwa za machapisho kuhusu bara hili. Mhadhiri wa Nairobi aliweza kukaa kando ya ziwa la ugenini akasoma habari za kwao.

Hapo Oktoba 1970 ndipo Ngũgĩ alipoanza kuandika riwaya ya Petals of Blood. Aliiendeleza Limuru, akaimaliza Yalta, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati huo, Oktoba 1975. Ikachapishwa mwaka 1977. Hakuna ukurasa wa riwaya hiyo unaoweza kudaiwa na Evanston. Watu wake ni wakulima wa Ilmorog wanaotembea kwa miguu kwenda Nairobi kumtafuta mbunge wao. Njaa yao, matumaini yao na kudhulumiwa kwao ni mambo ya Kenya. Huu ni ushahidi kwamba kalamu haikuzuiwa na umbali. Yamkini hata ilinolewa nao.

Lakini jambo moja halikuwezekana kufanywa kutoka Evanston, nalo ni kuutimiza ule waraka wa 1968. Azimio la kubadilisha mtaala hubaki karatasi mpaka awepo mtu wa kukaa katika vikao, kutunga orodha ya vitabu, kutahini, na kusimama mbele ya wanafunzi mwaka baada ya mwaka. Ngũgĩ alirejea Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1973 akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza idara yake, iliyokuja kuitwa Idara ya Fasihi. Septemba 1974 idara hiyo, ikishirikiana na wakaguzi wa Wizara ya Elimu, ilifanya mkutano juu ya ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Walimu wa sekondari wapatao 200 walikutana katika Nairobi School, magharibi ya jiji, kando ya njia iendayo Westlands, Kangemi na Kabete. Hivyo mabishano yaliyoanza katikati ya jiji yalipanda kuelekea magharibi yakawafikia watu ambao wangeyapeleka katika kila wilaya.

Njia hiyo ukiifuata mbele zaidi utafika Limuru. Huko Kamirithu, mwaka 1977, tamthilia ya Ngaahika Ndeenda iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii iliigizwa na wanakijiji wenyewe kwa Kikuyu. Ilipigwa marufuku mwezi Novemba. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Alipotoka hakurudishiwa kazi yake. Safari ya 1970 ilizaa matunda kwa sababu mlango wa nyuma ulibaki wazi. Sasa mlango huo ulikuwa umefungwa.

Baada ya 1982

Agosti 1982 lilitokea jaribio la kuipindua serikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, na wahadhiri kadhaa wakatiwa kizuizini au wakakimbia nchi. Ngũgĩ, aliyekuwa nje ya nchi tangu katikati ya mwaka huo, hakurudi. Alamin Mazrui, mhadhiri wa Chuo cha Kenyatta, kilichokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini. Mwaka uliotangulia alikuwa amechapisha tamthilia ya Kilio cha Haki, inayohusu mapambano ya wafanyakazi. Mashairi aliyoyatunga akiwa ndani yalitoka mwaka 1988 katika diwani ya Chembe cha Moyo. Baadaye alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Ohio State mjini Columbus. Jamaa yake, Ali Mazrui, alikuwa amekwisha kutoka Makerere na kuanza kazi Ann Arbor, Michigan, mwaka 1974.

Kalamu za wasomi hao hazikukauka. Mwaka 1995 wawili hao walitoa pamoja kitabu juu ya Kiswahili, jamii na dola katika Afrika Mashariki. Mũrogi wa Kagogo, riwaya ya Ngũgĩ ya Kikuyu iliyochapwa Nairobi mwaka 2004, iliandikwa Marekani. Anayehesabu vitabu peke yake atasema kuwa Nairobi haikupoteza kitu.

Hesabu ya madarasa ni nyingine. Vyuo vya Marekani vilikuwa na haja yao wenyewe. Sheria ya mwaka 1958 ilikuwa imetenga fedha za serikali kuu kwa lugha zisizofundishwa sana, na Kiswahili kikanufaika. Huko Madison, Wisconsin, idara nzima ya lugha na fasihi za Kiafrika ilianzishwa mwaka 1964. Lakini mwanafunzi wa huko huanza na maamkizi na ngeli za nomino. Mwanafunzi wa Nairobi huanza akiwa na lugha tayari kinywani, akihitaji nadharia, tahakiki na usimamizi wa utafiti.

Tena majira yalikuwa mabaya. Mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Shule zilihitaji walimu wengi kuliko wakati mwingine wowote, na walimu hao walihitaji wa kuwafunza. Wakati huohuo baadhi ya watu waliofaa kabisa kwa kazi hiyo walikuwa wamefukuzwa madarasani.

Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba leo intaneti imeubatilisha umbali, na kwamba mhadhiri aliyeko Ohio aweza kuzungumza na darasa la Nairobi bila kupanda ndege. Ni kweli kwa mhadhara mmoja. Si kweli kwa kikao cha mtaala, kwa tasnifu inayosomwa sura kwa sura, wala kwa mwanafunzi anayebisha mlango jioni akiwa na swali asilojua kuliuliza.

Ali Mazrui alirudishwa Mombasa mwaka 2014 kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake. Ngũgĩ alifariki Marekani mwezi Mei 2025. Hakuna haja ya kuwalaumu waliokwenda. Kosa kubwa lilikuwa la waliofunga njia ya kurudi. Idara inayompa mhadhiri wake ruhusa ya mwaka mmoja, ikamwekea nafasi yake, haimpotezi, inamtuma. Na idara inayotaka kujua imepoteza nini isiende maktabani kuhesabu vitabu. Ifungue ratiba ya masomo, itazame ni kozi zipi hazina mwalimu.