Waya wa dijitali katika studio ya nyumbani

Kwa mtayarishaji wa Bongo Fleva anayerekodi chumbani kwake, Temeke au Kinondoni, sauti iliyokwisha kugeuzwa tarakimu huweza kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya S/PDIF, iliyobuniwa na kampuni za Sony na Philips. Njia hiyo hubeba chaneli mbili, kwa waya wa shaba au wa faiba.

Wa shaba hufanana na waya wa deki ya video, lakini hutakiwa uwe wa omu 75. Wa kawaida huweza kufaa ukiwa mfupi. Wa faiba, ulioanzishwa na Toshiba mwaka 1983, haupitishi umeme, hivyo hauhamishi mvumo wa umeme kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Hata hivyo, waya hulaumiwa mno. Tatizo huwa ni saa. Vifaa vinavyopokezana tarakimu lazima vifuate saa moja: kinachotuma kiongoze, kadi ya sauti ya kompyuta ipangwe kukifuata, na vyote viwe katika kasi moja, kwa mfano sampuli 44,100 kwa sekunde, kama za CD. Kila kimoja kikienda kwa saa yake, milio ya “tik, tik” hunaswa ndani ya rekodi. Kuifuta baadaye ni kazi ngumu, na msanii aliyekwisha kulipia hurudia kuimba.