Bi Leta na mizani ya akili za wanawake

Kuna neno ambalo wengi wetu tumelisikia tangu utotoni, mara kwa mzaha, mara kwa kunyamazishwa: "Hizo akili za kike!" Leo nataka nikuhadithieni habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyelisikia neno hilo kwa maprofesa, likiwa limevishwa joho la kisomi, naye akachukua daftari akaenda kupima.

Aliitwa Leta Stetter, mzaliwa wa jimbo la Nebraska, mwaka 1886. Mama yake alifariki kwa uzazi Leta akiwa na miaka 3, akalelewa na babu na bibi yake, kisha akachukuliwa na baba aliyekuwa ameoa tena, na maisha ya nyumba ile hayakuwa na raha. Alisoma. Mwaka 1906 alimaliza Chuo Kikuu cha Nebraska, akafundisha shule kwa muda, na tarehe 31 Disemba 1908 akaolewa New York na Harry Hollingworth, kijana waliyesoma naye.

Bibi harusi yule alikuwa na matumaini ya kupata kazi ya ualimu mjini. Lakini kanuni za shule za New York wakati ule hazikumkubali mwanamke mwenye mume. Shahada anayo, uzoefu anao, ila ana pete. Akabaki nyumbani akipika, akifua, akishona nguo zake, na akiandika hadithi fupi ambazo hakuna aliyezinunua. Kwa hesabu hiyo, akili iliyofaa kufundisha asubuhi ya tarehe 31 Disemba ilikuwa haifai tena tarehe 1 Januari.

Mlango ulifunguliwa na soda. Mwaka 1911 serikali ya Marekani ilikuwa na kesi mahakamani dhidi ya Coca-Cola kwa sababu ya kafeini iliyomo ndani yake, na kampuni ikamtaka Harry, ambaye alikuwa mwanasaikolojia, achunguze kafeini inamfanya nini mtu akilini. Leta ndiye aliyesimamia upimaji wa kila siku. Malipo ya kazi ile yakawasaidia kulipa ada yake ya masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mume aliyetumia fungu lake kumsomesha mkewe anastahili kutajwa, nami nimemtaja.

Sasa tuingie kwenye ubishi wenyewe. Wakati huo wasomi wengi hawakusema tena kwamba wanawake wote ni wajinga. Walisema kwa upole zaidi: wanawake wanafanana, wote wako katikati, lakini wanaume wametawanyika, kwa hiyo kwao hutoka wenye vipaji vya ajabu na kwao pia hutoka wenye akili pungufu kabisa. Ushahidi wao ulikuwa wa namna mbili. Vitabu vya watu mashuhuri vimejaa wanaume, na nyumba za kutunzia wenye upungufu wa akili nazo zimejaa wanaume. Havelock Ellis wa Uingereza aliandika hivyo, na Edward Thorndike wa Columbia akaamini vivyo hivyo. Na huyo Thorndike ndiye aliyekuwa mwalimu wa Leta. Matokeo ya fikra hiyo mnayaona wenyewe: kama msichana hatafika juu hata afanye nini, ya nini kumtafutia chuo kikubwa?

Mwaka 1913 Leta alipata kazi ya kupima watu waliopelekwa kwenye kituo kimoja cha New York kwa kudhaniwa wana upungufu wa akili. Kipimo kilikuwa kile cha Binet, Mfaransa aliyekitengeneza pamoja na mwenzake Simon mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada maalumu shuleni: rudia tarakimu hizi, eleza picha hii, tofautisha vitu hivi viwili. Leta akakusanya taarifa za watu 1,000. Kweli, kwa jumla wanaume walikuwa wengi zaidi. Lakini yeye hakuishia kwenye jumla. Aliwapanga kwa umri, na hapo sura ikageuka: miongoni mwa watoto wavulana walizidi, na miongoni mwa waliopita miaka 16 wanawake ndio waliozidi.

Kwa nini? Hapa ndipo ninapompenda sana, kwa sababu jibu lake ni la mtu anayejua maisha ya ndani ya nyumba. Mvulana asiyeweza kusoma wala kuhesabu hugundulika mapema, maana anatarajiwa atoke, ashindane, alete mkate. Asipoweza, analetwa kupimwa. Msichana mwenye upungufu ule ule anafagia, anaosha vyombo, anabeba watoto wa dada yake, baadaye anaolewa, na hakuna anayestuka. Anakuja kujulikana mkubwa, pengine baada ya kufiwa na mume au kukosa wa kumtegemea. Kwa hiyo zile nyumba za matunzo hazikuwa zikihesabu akili za jinsia mbili. Zilikuwa zikihesabu nani jamii imemkosea kazi ya kumpa. Nasi tukitazama mitaani kwetu, msichana wa aina hiyo tunamwita mtulivu, mtiifu, na tunamsifia mikono yake.

Kisha akauliza swali ambalo wanaume wengi wangeona haya kuliuliza. Ilikuwa ikiaminika kwamba mwanamke akiwa katika hedhi akili na mikono yake hulegea, na kwamba hilo linatosha kumnyima kazi za maana. Leta aliwapima wanawake kadhaa siku baada ya siku kwa majuma mengi, na wanaume wawili pembeni wa kulinganishia. Aliwapima wepesi wa kugonga, utulivu wa mkono, kutaja rangi, kutaja vinyume vya maneno. Alipotazama siku za hedhi na siku za tohara, hakuona tofauti ya kuaminika. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1914, na ndio uliompatia udaktari mwaka 1916, chini ya Thorndike yule yule. Nafahamu kuna anayeumwa tumbo asiweze kuinuka kitandani. Hayo ni maumivu, yanataka dawa na mapumziko. Si habari za upungufu wa akili.

Mwaka huo huo wa 1914 yeye na mwenzake Helen Montague walichukua vipimo vya watoto wachanga, wavulana 1,000 na wasichana 1,000, waliozaliwa katika hospitali ya wanawake na watoto iliyoanzishwa New York na daktari Elizabeth Blackwell. Wavulana walikuwa wakubwa kidogo. Lakini kwamba wao wametawanyika zaidi kuliko wasichana, hilo hawakuliona.

Na vile vitabu vya watu mashuhuri? Leta alijibu kwamba karibu wanawake wote wamepewa kazi moja, ya nyumba na watoto, na katika kazi hiyo hakuna umashuhuri unaoandikwa hata uifanye kwa ustadi gani. Basi huwezi kutafuta majina ya watu kwenye kitabu ambacho hawakuruhusiwa kuingia, kisha ukasema hawana akili.

Nisimpambe kupita kiasi. Kuhusu mtawanyiko, mambo si mepesi kama alivyotaka yeye. Mwaka 1932 Scotland iliwapima karibu watoto wote waliozaliwa 1921, zaidi ya 87,000. Wastani wa wasichana na wa wavulana ulilingana, lakini wavulana walizidi kidogo kwenye ncha zote mbili, chini na juu. Kidogo tu, na hakukaribii kueleza vitabu vilivyojaa wanaume watupu. Tena Leta mwenyewe, alipokuwa profesa, aligeukia watoto wenye vipaji vikubwa na kuitegemea mno ile namba ya kipimo, akiamini kwamba akili zaidi ni ya kurithi, kama walivyoamini wengi wa zama zake. Yule aliyeuliza vizuri hivyo kuhusu wanawake hakuuliza kwa ukali ule ule kuhusu watoto wa mafukara.

Alifariki New York mwaka 1939, akiwa na miaka 53, kwa maradhi ya saratani. Hakuwa na mtoto. Harry aliandika kitabu cha maisha ya mkewe, kikatoka 1943, na humo tunasoma kwamba yule mama aliyefariki kwa uzazi aliwahi kuandika daftari la mwaka wa kwanza wa binti yake, kwa sauti ya mtoto mwenyewe, akieleza anavyokua.